Maswali ya Wasomaji: Chakula cha mchana kwenye kiwanda cha divai, safarini

SWALI: Mhariri, salaam. Tuko wanne: mimi, mume wangu, wifi yangu na mume wake. Tutakuwa barabarani siku tatu, na siku ya pili njia inapita katikati ya mashamba ya mizabibu. Nimehesabu viwanda vya divai tisa, na vyote vinatangaza kwamba vina chakula cha mchana. Nachaguaje kimoja? – Mama Safari

JIBU: Mama Safari, anza na barabara, divai ifuate. Andika saa mtakayoondoka na saa mnayotaka kufika mtakakolala. Kisha futa kila kiwanda kinachowatoa njiani zaidi ya dakika 20, kwa maana dakika 20 za kwenda ni 40 ukijumlisha na kurudi, na mlo wenyewe pamoja na kuonja hauishi chini ya saa moja na nusu. Katika vinavyobaki, pendelea vilivyo karibu na mwisho wa safari ya siku hiyo. Baada ya kushiba kila mtu gari zima husinzia, na dereva naye ni mtu.

Vitabaki vitatu au vinne. Hivyo vipigie simu, wala usiulize "mna chakula?" kwa sababu utajibiwa ndiyo. Uliza hivi: jiko linapokea oda ya mwisho saa ngapi? Hapa ndipo wasafiri wengi wanapokwama. Saa iliyoandikwa getini ni ya ukumbi wa kuonjea, ambao unaweza kuwa wazi hadi saa kumi na moja jioni wakati jiko limeshazimwa tangu saa nane na nusu. Uliza pia kama chakula kinapikwa au ni sahani ya jibini, mkate na nyama baridi. Sahani hiyo haina ubaya, ila mtu aliyetoka nyumbani alfajiri haitamtosha. Kama ni Jumamosi, uliza kama kuna harusi, maana sherehe moja huchukua jiko zima na wahudumu wote. Na uliza kama kuonja kunawekewa nafasi peke yake. Kuwa na meza ya chakula hakumaanishi mna nafasi ya kuonja.

Halafu itazame menyu. Sisi tunaamini menyu fupi, milo mikuu mitano au sita, yenye tarehe au jina la msimu. Jiko la shambani linalotangaza milo 30, na siku za kazi linapata magari machache, lazima liwe linategemea friza. Tazama pia kama divai inauzwa kwa glasi. Chupa ya mililita 750 ni glasi 5 za mililita 150. Mkiwa wanne na dereva hanywi, glasi moja moja huwapa nafasi ya kuchukua nyeupe kwa samaki na nyekundu kwa nyama bila kuacha nusu chupa mezani.

Jambo la mwisho ni msimu. Mavuno ya zabibu kusini mwa ikweta huwa zaidi Februari hadi Aprili, na kaskazini Agosti hadi Oktoba. Ni wakati mzuri kuliko yote wa kuona kazi: matrela yanamwaga zabibu na ua mzima unanukia. Lakini ziara ya ndani inaweza kufutwa asubuhi hiyo hiyo, na njia nyembamba za mashamba hujaa matrekta. Mkiingia ndani, kaeni na mwongozaji. Divai inapochacha hutoa kaboni dayoksaidi, gesi isiyo na harufu iliyo nzito kuliko hewa, nayo hutuama chini karibu na matangi. Mtoto asiinamie tangi wala kushuka ngazi peke yake.

SWALI: Mimi ndiye dereva. Shemeji anasema nikionja na kutema, kilevi hakiniingii. Ni kweli? – Mshika Usukani

JIBU: Si kweli kabisa. Ukitema unapunguza sana, lakini kiasi kidogo hupita kwenye koo na kwenye ngozi ya mdomo. Ukimeza, piga hesabu: vionjo 6 vya mililita 30 ni mililita 180. Divai ikiwa na nguvu ya asilimia 13, hapo kuna takriban gramu 18 za kilevi halisi. Ini huondoa karibu gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo utahitaji saa mbili au zaidi, na bado hujagusa glasi ya chakula. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala maji ya baridi usoni. Nchi nyingi zina kikomo cha gramu 0.5 kwa lita ya damu, nyingine 0.8, na nyingine haziruhusu hata chembe. Jua sheria ya barabara unayopita.

Msimamo wetu ni kwamba dereva asinywe. Akitaka kujua ladha, atie mdomoni kiasi cha kijiko kimoja, akizungushe juu ya ulimi, avute hewa kidogo kwa midomo iliyobana, kisha ateme. Aombe kikombe chake cha kutemea, kisichopenyeza mwanga. Ndoo ya kutemea ya katikati ya meza huwatia watu haya, na mwenye haya humeza. Asukutue kwa maji kila baada ya kionjo, na aonje akiwa ameshakula, si kabla.

SWALI: Tulinunua chupa sita, tukaziweka kwenye buti. Jioni vizibo viwili vilikuwa vimechomoza na divai ina ladha ya jamu iliyoungua. Walituuzia mbovu? – Msomaji

JIBU: Hapana, ni joto. Gari lililoegeshwa juani linaweza kupita nyuzi 50 za selsiasi ndani. Divai hutanuka, husukuma kizibo, kisha hewa hupenya, na ladha iliyopikwa hairudi. Safari ijayo nunueni kwenye kituo cha mwisho cha siku. Lazeni chupa sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, ambako ubaridi wa kiyoyozi unafika, mkizifunga kwa taulo zisigongane. Mkisimama tena kwa zaidi ya nusu saa, shukeni nazo, au muwe na sanduku la barafu. Zile mbili zilizochomoza zitumieni jikoni kwenye mchuzi. Nne zilizobaki zifungueni mapema, msiziweke akiba.