Jibu: Katuni zenye tuzo kwa watoto wa Uyole

Habari mwalimu. Umeuliza: watoto wako hapo Uyole hawajui Kiingereza, unataka kuwaonyesha katuni iliyopewa tuzo na wahakiki wa filamu, ila orodha zao hazilingani na Oscar, tuzo kubwa ya filamu ya Marekani. Ufuate ipi?

Kwanza angalia nani kapiga kura. Wahakiki wa New York na wa Los Angeles huchagua mwishoni mwa mwaka, kila chama kivyake. Oscar huja baadaye, na wapiga kura ni watu wa kazi ya filamu wenyewe. Ndiyo maana kwa filamu za 2001 wahakiki wa New York waliipa tuzo ya katuni Waking Life, Oscar ikaenda kwa Shrek.

Hapo pana mtego. Tuzo ya katuni si lazima iwe ya katuni ya watoto. Mwaka 1999 New York waliichagua filamu ya South Park, matusi mwanzo mwisho! Filamu yoyote itazame mwenyewe yote kabla ya kuwawekea.

Kwa hao wako anza na Flow. Mwaka 2024 wahakiki wa miji yote miwili waliipa tuzo, kisha ikachukua Oscar. Imetoka Latvia, imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure, na haina neno hata moja: paka na wanyama wenzake ndani ya mashua, mafuriko yamemeza kila kitu. Niliionyesha hapa Mafinga, Jumamosi ya baridi kali, watoto wamejifunika mablanketi. Paka alipotumbukia majini, binti mmoja mdogo aliinuka akaenda kuligusa shuka tulilotundika ukutani. Hakuna aliyeuliza tafsiri.

Tafuta spika nzuri tu. Filamu nzima inabebwa na sauti za maji na wanyama, na mvua ikipiga bati utapoteza nusu yake.