Nimepona saratani, lakini choo hakizuiliki

SWALI: Assalaam alaikum, daktari. Nina miaka 52, na miaka 4 iliyopita nilitibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi ya nje mara 25 pamoja na mionzi ya ndani. Tangu mwaka jana ninakwenda haja kubwa mara 6 au 7 kwa siku, pengine na damu, na mara mbili imenitoka nikiwa ndani ya daladala. Nikiwa na safari sili kitu, na msikitini nimeacha kwenda. Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Je, saratani imerudi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Uliyoyaeleza ni madhara yanayojulikana ya mionzi ya nyonga, nayo huweza kujitokeza miezi au hata miaka baada ya tiba. Mlango wa kizazi umepakana na puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, kwa hiyo mionzi haiwezi kuupiga uvimbe bila kuigusa puru pia. Mishipa midogo ya damu huziba polepole, ukuta wa puru hupata makovu na kukakamaa, na kwa kuwa hautanuki tena kama zamani, choo kidogo tu kinatosha kukukimbiza. Mahali hapo huota mishipa mipya dhaifu, inayovuja damu kwa urahisi.

Hata hivyo, usiseme damu hiyo ni ya mionzi kabla hujapimwa. Rudi hospitali ufanyiwe kipimo cha kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa, na umkumbushe mpimaji kwamba ulipigwa mionzi, kwa sababu kukata kinyama cha kupima kwenye ukuta wa mbele wa puru iliyoungua kunaweza kuacha kidonda kisichopona, au tundu la kuingilia ukeni.

Kuharisha nako kuna vyanzo vyake, na hunisikitisha mgonjwa anapoambiwa tu kwamba ni mionzi, avumilie. Ikiwa utumbo mwembamba uliguswa, nyongo isiyofyonzwa huteremka na kuuharisha utumbo mpana, na dawa ya kolestiramini huinasa; ikiwa bakteria wamezidi ndani ya utumbo huo, hutibiwa kwa antibiotiki. Loperamaidi, dawa ya kupunguza kuharisha, ikimezwa nusu saa kabla ya chakula kwa kipimo atakachokupangia daktari, imewarudishia wengi safari zao. Mishipa inayovuja sana huweza kuchomwa kwa joto ili izibe, kupitia kamera hiyo hiyo, na mazoezi ya kukaza misuli ya njia ya haja huongeza nguvu ya kujizuia.

Kushinda na njaa kutakudhoofisha bila kuuponya utumbo. Kuhusu msikiti, mimi si mwanachuoni, lakini fiqhi ina hukumu zake kwa mwenye udhuru wa kudumu, basi muulize shekhe wako.

Ukifika kwa daktari usiishie kusema tumbo linakusumbua. Mwambie unakwenda mara ngapi, kama unaamka usiku, damu ni kiasi gani, na kwamba mara mbili ulishindwa kujizuia.