Maswali na majibu: Ndege wa maji na mwanga mkaidi

*Nikimpiga picha yangeyange ziwani Naivasha, manyoya yanatoka meupe tupu kama karatasi. Kamera ni mbovu?*

Kamera ni nzima. Mita, yaani kipimo cha mwanga ndani ya kamera, hupima fremu yote, na ikikuta maji meusi yamejaa hudhani pana giza, basi huongeza mwanga. Anayeungua ni ndege. Tumia kitufe chenye alama ya + na −, punguza hatua moja (yaani nusu ya mwanga), piga picha ya majaribio, kisha tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha: kushoto ni giza, kulia ni weupe. Ikiwa bado imegandamana na ukingo wa kulia, punguza tena theluthi ya hatua.

Kuanzia saa tatu asubuhi, jua likiwa kali na liko mgongoni kwako, ni afadhali uachane na mita. Weka mwenyewe ISO 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi) na shata 1/3200 (muda wa kupiga, kwa sehemu ya sekunde). Yangeyange akiruka kutoka kwenye mafunjo hadi angani, mandhari ya nyuma hubadilika lakini jua linalompiga ni lile lile, kwa hiyo vipimo havihitaji kuguswa mpaka wingu lipite. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera lisilobanwa kama JPEG, ila usiitegemee kwa weupe ulioungua: hapo hakuna kilichorekodiwa cha kurudisha. Sehemu yenye giza huokoleka, ingawa italeta chenga, yaani vidoa vidogo vidogo.

*Na mnandi? Jua likiwa nyuma yake anakuwa doa jeusi.*

Hapo ni kinyume: ongeza hatua 1 hadi 2, ukubali maji ya nyuma yaungue. Au mfanye kivuli kweli kweli. Punguza hatua 2, usubiri atandaze mabawa kuyakausha na ageuze kichwa upande ili mdomo uonekane wote. Picha iliyo nusu kivuli, nusu ndege, haipendezi popote.

*Heroe wa Bogoria wanatoka kama wametikisika, hata nikiweka shata 1/2000. Nilipiga saa sita mchana.*

Hilo si tatizo la shata. Ardhi iliyopata moto hutoa hewa inayochezacheza, na lenzi ya milimita 600 huikuza pamoja na ndege. Hakuna kichujio wala programu inayoliondoa vizuri. Anza kupiga jua linapochomoza, karibu saa kumi na mbili na nusu, ufunge kazi saa tatu. Ukiwa garini, zima injini, fungua madirisha yote mapema ili joto la ndani na la nje lilingane, na usipige juu ya boneti. Kuwafuata ili upunguze umbali ni kosa: kundi litanyanyuka lote na kuacha kula. Kaa pale pale, mara nyingi wao wenyewe husogea wakila.

*Kwenye boti nitumie tripodi kumpata furukombe akinyakua samaki?*

Hapana, tripodi hupeleka mtetemo wa injini moja kwa moja kwenye lenzi. Shika kamera mkononi, viwiko vikibana mbavu, na umwombe nahodha azime mashine. Shata 1/2500, f/6.3, ISO ijipange yenyewe isivuke 3200, fokasi iwe ya kufuatilia mfululizo.

Kubwa zaidi ni mahali boti inapokaa. Ndege mkubwa hupenda kushuka akiukabili upepo. Ukiupa upepo mgongo, atakuja uso kwa uso nawe. Jua nalo likiwa upande huo huo, macho na makucha vitapata mwanga. Jua na upepo vikipingana, chagua jua, umpige akiwa ubavuni. Samaki wa kutupiwa na waongoza watalii hurahisisha mambo, lakini picha hizo zote hufanana, na tai anazoea boti.

*Kichujio cha kupunguza mng'ao wa maji kinafaa?*

Kwa ndege anayeruka, kitoe. Kinakula hatua moja na nusu hadi mbili za mwanga, na asubuhi huna za kugawa.