Kidonda cha moto kisichouma ndicho cha kuogopa

Dada mmoja ameniandikia: mwanawe wa miaka miwili kamwagikiwa uji kifuani, katikati ya kidonda pamekuwa peupe, na hata akiguswa hapo halii. Anashukuru kwamba si jambo kubwa. Nimemjibu ampeleke hospitali sasa hivi, maana wengi bado tunapima moto kwa kilio.

Moto ukiishia tabaka la juu la ngozi, panawasha na kuuma lakini hubaki pakavu, bila malengelenge, na hupona ndani ya wiki. Ukizama kidogo, malengelenge hutoka, na chini yake pana unyevu na maumivu makali. Bonyeza taratibu kwa kidole safi: pakipauka kisha rangi ikarudi upesi, damu bado inapita, na kwa kawaida kidonda hufunga ndani ya wiki mbili au tatu. Pakiwa peupe, pa kahawia au pagumu kama ngozi ya kiatu, mishipa ya fahamu nayo imeungua. Ndiyo sababu hapaumi, na mara nyingi hapo hupandikizwa ngozi. Kwa sisi weusi wekundu hujificha, hivyo angalia unyevu, ugumu na hisia. Tena kidonda huweza kuzama zaidi kwa siku mbili tatu. Msiapie mlichoona siku ya kwanza.

Ukubwa upime kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, si chako: pamoja na vidole ni takriban asilimia 1 ya mwili. Palipoungua tabaka la juu tu, bila malengelenge, usipahesabu. Mtoto akifikisha viganja 10, au mtu mzima 15, anahitaji dripu. Uso, mikono, nyayo, maungio ya mifupa, sehemu za siri, moto uliozunguka mkono au mguu, kemikali na umeme ni vya hospitali hata pakiwa padogo. Umeme huacha alama ndogo juu huku misuli imeungua ndani.

Kabla ya safari, maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Yanasaidia maadamu saa tatu hazijapita tangu kuungua. Barafu hapana, hubana mishipa ya damu. Mtoto mfunike kwingine asipate baridi. Vua pete na bangili kabla ya uvimbe. Nguo iliyogandia usiivute, kata pembeni yake. Dawa ya meno, yai na unga (jamani, bado!) huleta vijidudu na kumlazimu muuguzi kukwangua ndipo aone kina. Funika kwa kitambaa safi, na mkifika ulizia chanjo ya pepopunda.