Maswali ya Wasomaji: Mng'ao umemeza gemu yangu

*Habari dada. Natengeneza gemu ya boda boda kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu, peke yangu, hapa Arua. Mchezaji anabeba abiria kutoka sokoni, mchana na usiku. Nimeweka ule mng'ao unaoitwa blumu, na marafiki ninaowatumia picha wanasifu sana. Lakini binamu yangu alipocheza alisema macho yanamuuma, haoni mashimo barabarani, na simu yake ikawa moto. Nakutumia picha mbili na vipimo vyangu. Niuondoe au niupunguze?*
Kijana wa boda, Arua

Mdogo wangu, uondoe wote leo, halafu uurudishe pale tu panapostahili. Msikilize binamu yako. Marafiki walitazama picha, yeye alicheza. Picha iliyotulia inaweza kubeba mng'ao mwingi na bado ikapendeza. Mtu aliye mbioni juu ya boda anatafuta shimo, mbuzi, abiria anayepunga mkono, na vyote hivyo anavitambua kwa kingo zake. Mng'ao ukizidi, kingo ndizo zinazoliwa kwanza.

Picha yako ya mchana nimeikuza nikaikagua. Mabati ya vibanda yanawaka, kanzu ya mzee aliyesimama kando ya barabara inawaka, vumbi linawaka, hata majani ya mwembe yamezungukwa na ukungu mweupe. Sasa toka nje saa saba mchana uyatazame mabati yenyewe. Utaona mstari mwembamba unaochoma macho pale bati linapolielekea jua, na ukisogea hatua mbili, nao unahama. Sehemu nyingine yote ya paa ni ya kijivu, ina kutu, na vichwa vya misumari unaweza kuvihesabu. Kanzu ni nyeupe kweli, lakini mikunjo unaiona, na mshono wa kifuani unauona. Kwenye gemu yako nimeutafuta huo mshono, haupo. Ulikaa ukauchora, halafu mng'ao ukaufuta. Hilo limeniuma, maana mkono wako ni mzuri.

Blumu yenyewe haina ubaya. Skrini ya kawaida ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, kuanzia 0 hadi 255, na ikifika 255 haina pa kwenda tena. Jua na taa ya pikipiki vinagota hapo hapo. Ila jicho, na lenzi ya kamera pia, hutawanya kidogo mwanga mkali, ndiyo maana taa inayokujia usiku ina duara la mwanga pembeni. Piga picha ya taa ya boda kwa simu yenye mafuta ya vidole kwenye lenzi, kisha futa lenzi upige tena: duara litapungua. Kompyuta inaiga jambo hilo. Inachagua nukta zilizopita kizingiti fulani cha mwanga, inazinakili, inaitia ukungu ile nakala, halafu inaijumlisha juu ya picha ya awali. Mtazamaji akiuona ule ukungu anaamini kwamba taa ni kali kuliko skrini inavyoweza kuionyesha.

Masaki Kawase, mtengenezaji wa gemu kutoka Japani, aliieleza kazi ya namna hii kwenye GDC, mkutano wa watengenezaji wa gemu, mwaka 2003. Miaka miwili mitatu baadaye zikaja mashine za gemu za Xbox 360 na PlayStation 3 zenye nguvu ya kuifanya kwa wingi, na kila studio ikataka gemu yake ionekane mpya. Gemu ya The Elder Scrolls IV: Oblivion ya 2006 naipenda mno, lakini mawe yake ya mchana yanang'aa kupita kiasi. Syndicate ya 2012 nayo ilisemwa sana kwa hilo hilo. Naamini pia kwamba ukungu uliwasaidia wengi kuficha michoro hafifu. Wewe huna cha kuficha.

Nije kwenye vipimo vyako. Ndani ya Glow, sehemu ya Godot inayosimamia mng'ao, kuna kipimo kiitwacho Bloom, na umekiweka 0.4. Kikizidi 0, mng'ao unaingia hata kwenye sehemu zilizo chini ya kizingiti, ndiyo maana vumbi lako linawaka. Kirudishe 0. Kizingiti chenyewe, HDR Threshold, umekishusha hadi 0.5. Kwa kuwa unatumia Mobile, njia ya Godot ya kuchora picha kwa ajili ya simu, ambako mwanga unaishia 2.0, kipandishe hadi 0.9. Kisha rudi kwenye rangi: kanzu umeipaka weupe kamili, 1.0, na hakuna nguo inayorudisha mwanga wote unaoifikia. Jaribu 0.8.

Usiku ndipo mng'ao unapopata kazi yake. Taa ya boda ipe Emission, yaani mwanga wake wenyewe, iliyopita 1 ili ivuke kizingiti bila kulazimishwa. Makaa kwenye sigiri ya muuza rolex, ile chapati ya mayai, yabaki mekundu, yasifike weupe. Na yule abiria anayesubiri gizani, mwashie simu mkononi! Mchezaji atamwona kutoka mbali bila wewe kuweka mshale wowote juu ya kichwa chake.

Kuhusu joto: simu yenye skrini ya 720 kwa 1600 ina nukta 1,152,000, na kutia ukungu ni kazi inayorudiwa kwenye kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa. Sehemu ya moto huo inatoka hapo. Weka swichi ya kuzima mng'ao kwenye mipangilio, na kwa simu dhaifu gemu ianze ikiwa umezimwa. Ukimaliza nitumie tena picha ya mzee mwenye kanzu.

*Mwanangu wa miaka tisa anapenda gemu zenye mwanga mwingi. Je, zinaweza kumletea kifafa?*
Mama, Jinja

Mama, mng'ao uliotulia sio unaoogopwa. Hatari iko kwenye mwanga unaowaka na kuzimika haraka, zaidi ya mara 3 kwa sekunde, hasa ukijaza skrini au ukiwa mwekundu sana, na hatari hiyo ni kwa watu wachache ambao kifafa chao huchochewa na mwanga. Asicheze gizani, asisogeze uso karibu na skrini, apumzike kila baada ya muda, na mwangaza wa simu uupunguze. Ukimwona amekodoa macho hajibu, au mwili unakakamaa au kutikisika, mwondolee skrini mara moja na umpeleke kituo cha afya, hata kama amezinduka na anasema yuko sawa.