Kukaba hakujakatazwa

Kaka, unasema tangu 2024 NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, imewafunga mikono mabeki wasiweze kukaba. Kilichokatazwa ni kitu kimoja: kumkumbatia mwenye mpira, kujizungusha, kisha kujiachia uzito wote uangukie miguu yake. Mtazame tena Mark Andrews, mchezaji wa timu ya Ravens, Novemba 2023 dhidi ya Bengals. Beki kamning'inia kwa nyuma, kifundo cha mguu kikabanwa chini yake. Sasa adhabu ya kukaba hivyo ni yadi 15, na timu yenye mpira inaanza upya majaribio yake manne ya kusonga mbele. Kinachonikera mimi ni kwamba mwamuzi anatakiwa kuyaona yote hayo kufumba na kufumbua, ndani ya rundo la watu. Wakati mwingine faini inakuja baadaye, video ikishatazamwa, na mechi imeshakwisha.

Na hilo la Ohio State kutostahili ubingwa wa futiboli ya vyuo vikuu eti kwa kuwa Michigan waliwafuata nyumbani kwao wakawafunga 13-10, mh! Baada ya hapo Ohio State wakawapiga Tennessee, Oregon, Texas, halafu Notre Dame 34-23 fainalini. Oregon walikuwa hawajapoteza hata mechi moja, wakajikuta nyuma 34-0 kabla ya mapumziko. Unataka nini tena?