Tazama herufi za ubavuni mwa ndege kabla hujatazama leseni yako

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2020 nilikuwa zamu kwenye hanga moja kusini mwa Uingereza. Ndani kulikuwa na ndege mbili, zote A320. Moja ilikuwa na herufi G ubavuni, ya rejista ya Uingereza. Nyingine EI, ya Ireland. Ilipofika saa tano usiku, ambayo Brussels ni saa sita kamili, kipindi cha mpito cha Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya kikaisha. Mwenzangu, fundi anayenizidi uzoefu kwa miaka kumi na ushee, akaweka kalamu mezani. Ile EI alikuwa akiishughulikia yeye tangu jioni. Lakini leseni yake ilitolewa na mamlaka ya Uingereza, na kuanzia dakika ile saini yake haikuweza kuiachia ndege ya Ireland iruke. Ikabidi nianze mimi ukaguzi upya, spana zilezile, tochi ileile, yeye akinishikia ngazi. Nilisaini alfajiri.

Ukiniuliza nilimzidi nini, jibu ni bahasha niliyoituma Dublin miezi sita kabla, kuomba leseni yangu ihamie Ireland.

Nimeona niandike haya kwa sababu vijana wengi wa nyumbani wanaosomea ufundi ndege wananiuliza leseni ipi ni "ya kimataifa". Hakuna. Ingekuwapo, yule mzee asingeweka kalamu chini.

Leseni yetu ya Part-66, yaani sehemu ya kanuni za Ulaya inayohusu leseni za mafundi ndege, ilikuwa imeandikwa Umoja wa Ulaya juu kabisa ya ukurasa, na sote tuliizoea kuiita leseni ya EASA. Hilo ndilo lililotuponza. EASA, shirika la usalama wa anga la Ulaya lenye makao yake Cologne, linasimamia kanuni, ila leseni ya fundi hutolewa na mamlaka ya nchi moja moja. Maneno ya juu yalikuwa ya Ulaya, mhuri wa chini ulikuwa wa Uingereza. Nchi ilipotoka, mhuri ukatoka nayo.

Na ndege nayo ina kwao. Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944 wa usafiri wa anga wa kimataifa, nchi iliyoisajili ndege ndiyo inayobeba jukumu la kuhakikisha inafaa kuruka. Kwa hiyo ukiambiwa taasisi zinabadilika, swali lako la kwanza lisiwe "je, leseni yangu bado ni halali?" Itakuwa halali tu, mahali fulani. Uliza: ndege zinazonilisha mimi zina herufi gani? Nilikaa na kalenda ya kazi nikahesabu ndege tulizohudumia mwaka mzima uliotangulia. Zaidi ya nusu zilikuwa EI, na si ajabu, kwani kampuni nyingi sana zinazokodisha ndege duniani ziko Ireland. Siku hiyohiyo nikaanza kutafuta fomu za kuhamisha leseni.

Mwajiri wetu wa wakati ule alitutumia barua pepe ya kutuliza: serikali zinazungumza, makubaliano yanakuja, tusihangaike. Makubaliano yalikuja kweli, tarehe 24 Desemba 2020, wiki moja kabla ya mwisho. Yalikuwa na sura nzima ya usalama wa anga. Maandishi yake yalipotolewa baada ya Krismasi nikaisoma, chai ikipoa, nikitafuta neno moja tu linalonihusu. Kiambatisho kilichokuwa tayari kilihusu usanifu wa ndege, utengenezaji wa vipuri na kelele za injini. Leseni za mafundi na marubani zilitajwa kama jambo ambalo pande mbili zinaweza kuja kulishughulikia. Mpaka leo nikisikia mamlaka mbili zinajadiliana, huwa natarajia mpangilio huohuo: vitu kwanza, watu baadaye. Chuma hupimwa kwa hesabu ambazo kila mhandisi duniani anazikubali. Mafunzo ya mtu yanataka kila upande uamini shule za mwenzake, mitihani yake na wasimamizi wake, na imani hiyo haijengwi kwa wiki moja.

Uingereza kwa upande wake ilikubali kuendelea kuzitambua leseni za Ulaya zilizokuwa hai usiku ule kwa muda usiozidi miaka miwili, mpaka mwisho wa 2022. Ulaya haikurudisha fadhila. Usidhani kwamba ukifunguliwa mlango wa kuingia, na wa kutokea umefunguliwa.

Cha kushangaza, ng'ambo ya Atlantiki hakukuwa na kelele. Uingereza na Marekani zilikuwa na mkataba wao wa usalama wa anga wa tangu 1995, uliobaki chini ya ule wa Ulaya kama kanga sandukuni. Wataalamu wa pande mbili wakaandaa taratibu mpya za utekelezaji, zikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Hanga la Uingereza likajikuta karatasi zake zinaelewana na Washington kuliko na Cologne iliyo jirani.

Na Ulaya wanajua kubadilisha taasisi polepole wakitaka. Kabla ya EASA kulikuwa na JAA, umoja wa mamlaka za anga usio na nguvu ya sheria: kanuni zake zilishika pale tu nchi yenyewe ilipozipitisha. EASA iliundwa kisheria mwaka 2002 ikaanza kazi Septemba 2003, lakini JAA haikufungwa hadi 2009. Miaka karibu sita vyombo viwili vilikaa nyumba moja. Sisi tulipewa miezi kumi na mmoja ya mpito.

Sasa ile bahasha. Kuhamisha leseni maana yake ni mamlaka mpya kuiandikia ya zamani: tuleteeni faili la huyu mtu. Faili langu lilikuwa na tundu. Miaka miwili ya mazoezi nilifanya kwenye kampuni ambayo baadaye ilifunga milango, na kurasa nane za daftari langu la kazi hazikuwa na saini ya msimamizi, kwa sababu kila Ijumaa tulikuwa tunasema "wiki ijayo". Nilimtafuta yule msimamizi wiki saba. Nikampata amestaafu, anafuga nyuki, akanisaidia. Asingekuwa hai, ningekuwa nimepoteza miaka miwili ya jasho. Basi saini ichukue siku kazi ilipofanyika, hata kama msimamizi ana haraka, hata kama anakukunjia uso. Na nakala za matokeo ya mitihani kaa nazo mwenyewe. Ofisi zikihama, masanduku hupotea.

Gharama nililipa mfukoni. Wenzangu waliosubiri mwajiri awalipie walikuta foleni ya mwisho wa mwaka, na mwaka wenyewe ulikuwa wa korona, watumishi wa mamlaka wanafanya kazi sebuleni kwao. Kuna aliyepeleka maombi Oktoba akaamini amewahi. Kinachohesabiwa ni siku leseni mpya inapotoka, si siku uliyojaza fomu.

Kampuni nayo isikudanganye. Hanga letu lilipata kibali kipya cha EASA kama kampuni ya nchi ya nje, wakubwa wakashangilia, na baadhi ya mafundi wakadhani yamekwisha. Kibali cha hanga na leseni ya fundi ni viti viwili tofauti. Ghalani pia ilibidi tuanze kusoma tarehe kwenye Fomu 1, cheti kinachoambatana na kila kipuri, kabla hata ya kusoma namba yake, tujue kimetolewa kabla au baada ya usiku ule.

Mambo haya si ya wazungu peke yao. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa na ndege za VC10 ambazo nyingine zilisajiliwa 5H ya Tanzania, nyingine 5Y ya Kenya, nyingine 5X ya Uganda, kampuni ikiwa moja. Jumuiya ilipovunjika 1977, herufi hizo zikawa mipaka. Leo jumuiya imerudi, na tangu 2007 kuna CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa Afrika Mashariki ulioko Entebbe, unaosaidia nchi wanachama kuoanisha kanuni. Kazi nzuri, lakini leseni yako bado inatoka kwa mamlaka ya nchi yako. Kijana wa Dar mwenye leseni ya Tanzania akiitwa Nairobi kwenye ndege ya 5Y, aende kwanza kuuliza mamlaka ya Kenya kwa maandishi, na jibu aliweke.

Mimi siku hizi nina leseni mbili. Ya Ireland ilitimiza miaka yake mitano mwaka 2025, nikaihuisha miezi mitatu kabla. Ya Uingereza niliiomba upya, fomu mpya, ada mpya. Yule mwenzangu naye anazo mbili sasa. Daftari lake halina ukurasa mtupu, na kila Ijumaa ananiuliza langu.